Chanzo Kilicho Karibu na Nani?

Mtoto wa dada yangu ana jezi namba 88 ya Leafs, timu ya hoki ya barafuni ya Toronto, na juzi usiku alinipigia simu ya video, macho mekundu. "Mjomba, ni kweli Willy anauzwa?" Nikamuuliza nani kamwambia. Akanisomea kichwa cha habari kutoka kwenye simu ya mama yake, kirefu kuliko habari yenyewe, na mwishoni kina alama ya kuulizia. Alama ya kuulizia! Ndiyo kinga yao siku hizi. Andika uongo wowote, malizia na alama ya kuulizia, hakuna wa kukushtaki.

Sasa huyo Willy, yaani William Nylander, alisaini Januari 2024 mkataba wa miaka minane wa dola milioni 92, wenye kipengele cha kumzuia asihamishwe bila ridhaa yake. Leafs hawawezi kumpeleka hata hapo Buffalo, ng'ambo ya mpaka, mpaka yeye mwenyewe akubali. Mwandishi hakugusia hilo. Kulitafuta kungemchukua dakika mbili. Kuliandika kungeua habari yake yote.

Jinsi zinavyoundwa tunazijua. Asubuhi mtangazaji wa redio ana saa nne za kujaza siku ambayo hakuna mechi, basi anasema hatashangaa timu fulani ikitafuta beki. Hatashangaa, hajasema anajua. Mchana tovuti moja inaandika kwamba timu hiyo inasaka beki. Jioni tovuti ya pili inachukua jina la beki yeyote ambaye mkataba wake unakaribia kwisha, inalipachika juu kabisa, na kutaja ya kwanza kama chanzo. Kesho yake mtangazaji yuleyule anarudi hewani na kusema maneno yamekuwa mengi kuhusu huyu beki. Ni maneno yake mwenyewe, yamemrudia yamevaa suti.

Sisi tuliolelewa na tetesi za usajili za Simba na Yanga tunajiona sugu. Tumeshapokea uwanja wa ndege washambuliaji hatari ambao hawakuwahi kupanda ndege. Lakini kwenye soka mchezaji hahamishwi kama mzigo. Lazima akae mezani na klabu mpya, wakubaliane. Kwenye NHL, ligi kuu ya hoki ya Kanada na Marekani, kama hana kipengele cha kumlinda, anapigiwa simu na kuambiwa kuanzia sasa wewe ni wa Columbus. Mke ana kazi, watoto wako katikati ya muhula, haijalishi. Mtu anayeishi namna hiyo hasomi tetesi kwa kujifurahisha. Anazisoma kama tunavyosoma barua za uhamiaji.

Nikilalamika, najibiwa kwa methali yetu wenyewe: lisemwalo lipo, kama halipo linakuja. Haya, tuzungumze kuhusu Steven Stamkos. Mzaliwa wa Markham, pua na mdomo na Toronto, nahodha wa Tampa Bay, mkataba unakwisha kiangazi cha 2016. Msimu mzima tulilishwa Stamkos asubuhi, mchana na jioni. Anarudi nyumbani. Jezi yake ilishachorwa mitandaoni. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mwishoni kabisa alikaa kweli na viongozi wa Leafs kuwasikiliza. Halafu tarehe 29 Juni, siku mbili kabla soko la wachezaji halijafunguliwa, akasaini tena Tampa, miaka minane, dola milioni 8.5 kwa mwaka. Akachukua Kombe la Stanley, la ubingwa wa NHL, huko mwaka 2020 na 2021. Alipoondoka hatimaye, mwaka 2024, alikwenda Nashville.

Na siku ileile ya 29 Juni 2016, ndani ya kama nusu saa, Edmonton wakamtoa nyota wao Taylor Hall kwenda New Jersey na kumchukua Adam Larsson, mmoja kwa mmoja. Montreal wakamtoa beki wao nyota P.K. Subban na kumchukua Shea Weber. Mwaka mzima walitutazamisha dirisha la Stamkos, na nyumba ikabomolewa upande wa pili. Tarehe 24 Januari 2025 tena, Ijumaa usiku watu wakijiandaa kulala, Colorado wakampeleka nyota wao Mikko Rantanen Carolina. Rantanen! Wataalamu wetu wa kunusa walikuwa wapi?

Lakini tetesi peke yake ningeivumilia. Kinachonipandisha presha ni hatua inayofuata. Baada ya kutangaza kwamba mtu anaondoka, lazima waeleze kwa nini alistahili kuondoka, na hapo ndipo mtu mzima anavuliwa nguo hadharani.

Phil Kessel alichezea Leafs misimu sita, kuanzia 2009. Katika yote sita ndiye aliyeongoza timu kwa pointi, yaani mabao na pasi za mabao. Timu yenyewe ilikuwa mbovu, menejimenti mbovu zaidi, makocha wakiingia na kutoka. Yeye alikuwa mtu wa aibu, hapendi maikrofoni, mwili wake haufanani na mabango ya gym. Kwa waandishi wa Toronto hiyo ilikuwa kesi tosha ya uvivu. Tarehe 1 Julai 2015 akapelekwa Pittsburgh. Ungedhani wangeandika kuhusu mabao, mkataba, waliokuja kwa upande wa pili. Steve Simmons wa Toronto Sun akafungua makala yake na muuza soseji. Kwamba yule muuzaji wa kona ya mitaa ya Front na John amepoteza mteja wake mwaminifu, maana karibu kila siku, saa nane na nusu mchana, Kessel alikuwa anatoka kwenye fleti yake ya jirani kwenda kula mkate wa soseji pale.

Ona ufundi wake. Saa ipo, kona ipo, hata kofia aliyovaa ipo. Kitu chenye saa na kona nani atakipinga? Wakajitokeza watu kusema Kessel hakuwa hata akiishi mtaa ule. Haikusaidia. Soseji ilishaingia kwenye wasifu wake. Nenda leo kamuulize shabiki yeyote wa hoki nchini Kanada kuhusu Phil Kessel, hatakutajia bao, atakutajia soseji.

Na hata tuseme ni kweli. Tuseme alikula kila siku, na haradali juu. Kwani? Mwanariadha anayetumia nguvu za wanaume watatu kwa usiku mmoja haruhusiwi soseji?

Huyu waliyemwita mvivu aligundulika na saratani ya korodani Desemba 2006, akiwa na miaka 19, katika msimu wake wa kwanza na Boston. Akafanyiwa upasuaji, akarudi uwanjani msimu uleule, akapewa Tuzo ya Bill Masterton, ile ya uvumilivu na kujituma. Huyu mvivu tangu Novemba 2009 hakukosa mechi hata moja ya msimu wa kawaida mpaka tarehe 25 Oktoba 2022, alipocheza ya 990 mfululizo na kuvunja rekodi ya NHL, na usiku huohuo akafunga bao lake la 400. Aliendelea hadi 1,064. Kila siku, hapo ndipo neno hilo lilipostahili kutumika.

Msimu wake wa kwanza tu Pittsburgh, 2016, akaongoza timu kwa pointi kwenye mechi za mtoano, pointi 22, wakachukua kombe. Mwaka uliofuata wakalichukua tena. Mwaka 2023 akalipata la tatu na Vegas. Leafs mara ya mwisho kulishika ilikuwa 1967. Baadaye picha yake ikasambaa, Kombe la Stanley limejaa mikate ya soseji, naye anajilia taratibu. Watu walicheka, mimi pia nilicheka. Lakini mtu amebeba kejeli ya gazeti miaka na miaka mpaka ikambidi aigeuze mzaha wake mwenyewe. Si kila mchezaji ana makombe matatu ya kujibia. Wengi huondoka kimyakimya, na lile waliloandikiwa linabaki pale kwenye intaneti, watoto wao watalikuta.

Kwenye besiboli angalau niliona ustaarabu mara moja. Desemba 2023 Toronto nzima ilikuwa inafuatilia ndege binafsi kutoka California, kwa sababu mwandishi mmoja mkubwa, Jon Morosi, aliripoti kwamba nyota Shohei Ohtani yuko njiani kuja kuchezea timu ya hapa. Ndege ikatua, akashuka mfanyabiashara Robert Herjavec. Kesho yake Ohtani akatangaza anakwenda Dodgers wa Los Angeles, dola milioni 700. Morosi aliomba radhi hadharani, kwa jina lake. Tumemcheka sana, lakini aliomba. Kwenye hoki bado nasubiri.

Kuna kaka mmoja kazini, wa Mwanza, huwa ananiambia nayachukulia haya mambo kwa uzito mno, ni michezo tu. Ni michezo mpaka isiwe. Don Cherry, mchambuzi wa hoki, alikaa kwenye kiti chake cha televisheni karibu miaka arobaini akitoa hukumu: Wazungu wa Ulaya walaini, huyu hana moyo, yule muoga. Watu walisema ndivyo alivyo mzee, mwacheni. Tarehe 9 Novemba 2019 akaigeuza hukumu hiyohiyo kwetu wahamiaji, kwamba tunaoishi Mississauga na katikati ya Toronto hatuvai ua jekundu la kuwakumbuka askari waliokufa. Siku mbili baadaye akafukuzwa. Mimi ua lile navaa. Babu zetu wa KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza, walipelekwa mpaka Burma kupigania himaya isiyokuwa yao, na wengine wamezikwa huko. Hakuuliza. Kama ambavyo hakuna aliyemuuliza Kessel. Cherry aliona, au alidhani ameona, akafungua mdomo, na tabia hiyo alikuwa amelipwa kuifanya kwa miongo minne.

Wapo waandishi wa hoki wanaojua kazi. Bob McKenzie alipoandika jambo, lilikuwa jambo. Elliotte Friedman akiwa hana uhakika anakuambia hana uhakika, ingawa naye ana siku anazungumza kwa mafumbo mpaka unatafuta mganga. Na najua baadhi ya tetesi zinavujishwa makusudi na mawakala na mameneja ili kupandisha bei. Sawa. Basi tuambie ni nani anafaidika, hiyo ndiyo habari.

Tena wangejifunza hesabu. Msimu wa 2024–25 ukomo wa mishahara ulikuwa dola milioni 88 kwa timu nzima. Wachezaji wanne wa Leafs, Matthews, Nylander, Tavares na Marner, peke yao walikula zaidi ya milioni 46. Halafu mtu anaandika Leafs waongeze nyota wa milioni kumi, hasemi nani atoke.

Ninachokitaka ni ukurasa mmoja tu kwa mwaka. Kila Julai, soko likishatulia, kila mwandishi wa tetesi aweke orodha ya alizoandika tangu Septemba: hizi zilitimia, hizi hazikutimia, jina lake chini. Nilimwandikia mhariri wa tovuti moja kumpa wazo hilo, kwa adabu zote, na mifano. Jibu lilikuja baada ya dakika tano: asante kwa kuwasiliana nasi, bofya hapa upokee tetesi zetu kila asubuhi.