Bosch wa mbolea, sio Bosch wa drili

Ukitaja Bosch mtu anawaza drili, na hajakosea sana maana mwenye kampuni ile, Robert, alikuwa baba mdogo wa huyu ninayemsema mimi. Huyu ni Carl, Mjerumani, mkemia aliyeingia BASF, kampuni ya kemikali ya Ujerumani, mwaka 1899 akaja kuwa bosi mkubwa kabisa. Kila mfuko wa urea unaouona dukani kwa muuza pembejeo una mkono wake ndani, ila sifa watu wanampa Fritz Haber, mkemia mwingine Mjerumani, peke yake na mi hilo huwa linaniudhi.

Haber mwaka 1909 alionyesha mezani kwamba naitrojeni ya hewani ukiichanganya na haidrojeni unapata amonia, ambayo ndo inatengenezewa urea, sawa, hongera zake, lakini zilikuwa tone tone tu. Kuitoa pale mezani uifanye kiwanda, kwa presha kama mara 200 ya hewa ya kawaida na joto la nyuzi 500 na zaidi, hapo ndo shughuli. Mitungi ya chuma ilikuwa inapasuka! Bosch kabla ya kemia alisomea mambo ya vyuma, akaikata ile mitungi akachungulia, akaona haidrojeni inakula kaboni ndani ya chuma mpaka kinakuwa kama biskuti. Akaweka bomba la chuma laini ndani, la nje gumu akalitoboa matundu, gesi inayopenya itokee zake huko nje. Basi. Kiwanda cha amonia cha Oppau, Ujerumani, kikawaka 1913. Ule ni ufundi wa karakana, profesa wa kukaa na chaki asingeuona.

Sasa cheo. Akaja kuwa mkuu wa BASF, mwaka 1921 Oppau hiyo hiyo ikalipuka ikaua watu zaidi ya 500, halafu 1925 wakaunganisha makampuni ya kemikali ikazaliwa IG Farben na yeye ndo mwenyekiti. Tuzo ya Nobel akapata 1931. Lakini alikuwa ameng'ang'ania mradi wa kutengeneza petroli kutoka makaa ya mawe, hela inateketea, na mafuta ya Texas yameshusha bei duniani, mtu wa mahesabu angefunga zamani. Mi naona hapa ndo ufundi ulimponza, fundi hakubali mtambo umshinde. Desemba 1933 wakasaini mkataba na serikali ya Hitler, serikali inahakikisha bei ya hiyo petroli.

Na Wanazi hakuwapenda, alimwambia Hitler mwenyewe kwamba kuwafukuza wanasayansi Wayahudi kutaiua fizikia na kemia ya Ujerumani, hakusikilizwa. Haber, Myahudi, akafia Basel 1934. Mwaka uliofuata ikafanyika kumbukumbu yake Berlin, serikali ikawapiga marufuku maprofesa wasikanyage pale, Bosch akaenda, akakaa. Petroli ya mkataba nayo ilikuwa inaendelea kutoka.