Pauni 25 kwa saa huku, nauli na soda kwetu

Huku Uingereza mwananchi akiitwa kutoa maoni juu ya utafiti wa afya, hulipwa. NIHR, taasisi ya serikali inayofadhili tafiti hizo, inapendekeza pauni 25 kwa saa, na nauli kando. Mimi nimo kwenye kikundi cha wagonjwa wa kisukari. Mtafiti hutuletea ombi lake la fedha kabla hajalipeleka. Tunamuuliza mtu wa zamu ya usiku atafikaje kliniki kila wiki, na kwa nini dodoso ni refu hivyo. Hana budi kutusikiliza: fomu inamtaka aeleze wananchi walishiriki vipi, na kati ya wanaolipima ombi wamo watu wa kawaida pia.

Kwetu Kilifi, pwani ya Kenya, KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, na Wellcome, shirika la hisani la Uingereza, wanafanya utafiti tangu 1989. Watoto wa huko walidungwa sindano za majaribio ya RTS,S, chanjo ya malaria ambayo WHO iliipendekeza 2021. Kenya ilipoanza kuitoa kwa umma kama mpango wa majaribio, 2019, ilianzia Homa Bay, kwa sababu malaria ya kanda ya ziwa ni kali zaidi. Kitaalamu sina ubishi. Ila mzazi wa Kilifi, akiketishwa pale mpango unapoandikwa, hilo ndilo angeuliza kwanza: ikifaulu, sisi tutaipata lini?

Na tusijidharau. Kilifi kuna wawakilishi wa jamii waliochaguliwa barazani na wanakijiji wenzao. Shangazi yangu ni mmoja wao. Husimamishwa sokoni, hata matangani, aulizwe damu inayotolewa inapelekwa wapi, maana habari za mumiani hazijafa. Mimi huku nimechaguliwa na nani? Niliona tangazo kwa daktari, nikajaza fomu. Wenzangu wengi ni wastaafu wenye Kiingereza safi, na jirani zangu hawajui hata kama kikundi hicho kipo.

Kwa hiyo anayestahili kiti cha mapema ni shangazi, kuliko mimi. Lakini yeye huambulia nauli na soda, na mara nyingi hupelekewa utafiti ulioshaamuliwa, akaueleze kwa watu. Aitwe swali likiwa bado linatafutwa, na alipwe saa zake. Najua jibu litakalokuja: pesa itamfanya kibaraka wa watafiti. Wanaolitoa jibu hilo, wao wenyewe wanapokea mshahara wa utafiti kila mwisho wa mwezi.