Nyota tano na goti lako: tuziamini orodha za ndege bora?

Siti pana kuliko zote za daraja la kawaida kwenye ndege za Air Tanzania haimo ndani ya Dreamliner, yaani Boeing 787, inayokwenda Guangzhou. Imo ndani ya Airbus A220, ile ndege ndogo inayopeleka watu Mwanza na Dodoma. A220 hupangwa siti mbili upande mmoja na tatu upande wa pili, na upana wa siti ni takriban inchi 18.5, ya katikati ikifika 19. Boeing 787 yenye siti tisa kwa mstari, tatu-tatu-tatu, hubaki na inchi 17 na ushei. Tofauti hiyo ni sentimita tatu na zaidi, na ndizo zinazoamua kama bega lako litalala juu ya bega la jirani usiku kucha. Wakala wa tiketi Kariakoo akikwambia "hii ni ndege kubwa, utakaa vizuri", nusu ya kwanza ya sentensi yake ni kweli.

Hakuna orodha ya mashirika bora ya ndege duniani itakayokueleza jambo hilo. Hata hivyo orodha hizo ndizo zinazopambwa kwenye matangazo ya mashirika yanayotua Uwanja wa Julius Nyerere, na ndizo zinazotajwa abiria anapoulizwa kwa nini ameongeza laki tatu kwenye tiketi. Je, mtu anayempeleka mzazi mgonjwa Mumbai, au mfanyabiashara anayefuata mzigo China, anapata nini humo?

Tuanze na jinsi orodha zenyewe zinavyopingana. Mwaka 2024 Skytrax ya London, kampuni inayotoa tuzo za mashirika ya ndege, iliipa Qatar Airways nafasi ya kwanza duniani. Mwaka huohuo AirHelp, kampuni inayowasaidia abiria kudai fidia za ucheleweshaji, iliweka Brussels Airlines juu. Mwaka 2025 Skytrax ikarudia Qatar, huku tovuti ya AirlineRatings ya Australia ikiitaja Korean Air. Haina maana kwamba kuna anayedanganya. Kila mmoja anauliza swali lake. Skytrax inakusanya kura za abiria kuhusu huduma kwa jumla. AirlineRatings inategemea zaidi jopo lake la wahariri. AirHelp inachanganya mambo matatu: ndege kufika kwa wakati, maoni ya abiria, na jinsi shirika linavyoshughulikia madai.

Hilo la tatu lina ukakasi kwa mtu wa Dar. Fidia inayozungumzwa hapo kwa sehemu kubwa ni ile ya kanuni ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, inayofika hadi euro 600. Inahusu safari zinazoondoka Umoja wa Ulaya kwa shirika lolote, au zinazoingia huko kwa shirika la Ulaya. Ukitoka Dar kwenda Amsterdam na KLM, inakulinda. Ukienda Amsterdam kwa kupitia Doha na Qatar Airways, safari ya kwenda haimo, ya kurudi imo. Kwa hiyo shirika linaweza kupandishwa au kushushwa na AirHelp kwa jambo ambalo haliihusu safari yako hata kidogo.

Sasa upande wa wanaozitetea orodha, maana hoja zao si nyepesi. Vipimo vya siti havinusi choo. Havijui kama saa ya saba angani mhudumu bado anapita na maji au wote wamejifungia nyuma ya pazia, wala kama skrini ya mbele yako inawaka, wala kama wali ulioagiza umekwisha mstari wa ishirini. Mambo hayo yanafahamika tu kwa kuwauliza waliosafiri, na ukiwauliza wengi, hasira ya aliyepotezewa begi na furaha ya aliyepandishwa daraja bure humezana. Ethiopian Airlines imekuwa ikishinda tuzo ya Skytrax ya shirika bora la Afrika kwa miaka kadhaa mfululizo, na matokeo hayo hayaendi kinyume na yanayoonekana kwa macho: ndilo shirika la kwanza Afrika kuleta 787, mwaka 2012, na la kwanza kuleta Airbus A350, mwaka 2016. Tena tuzo zina nguvu ya kusukuma. Shirika linalojua litapigiwa kura hubadilisha vitambaa na skrini mapema kuliko lile ambalo halitazamwi na mtu.

Lakini angalia jinsi nyota zinavyopatikana. Tuzo za Skytrax na nyota zake ni vitu viwili tofauti, na watu wengi huvichanganya. Tuzo zinatokana na kura. Nyota zinatokana na ukaguzi wa Skytrax wenyewe. Ndiyo maana Emirates ilitangazwa shirika bora duniani mwaka 2016 bila kuwa na nyota tano. Skytrax wanasema mashirika hayalipi chochote kuingia kwenye tuzo, na hatuna sababu ya kulikataa hilo. Ila kampuni hiyohiyo inauza huduma za ukaguzi na ushauri kwa mashirika hayohayo. Mwalimu anayesahihisha mtihani si lazima awe mla rushwa ndipo tuulize kwa nini jioni anamfundisha mwanafunzi huyo tuisheni ya kulipia.

Mfano unaokera zaidi ni wa Lufthansa. Desemba 2017 ilipewa nyota tano, ya kwanza Ulaya, na katika yaliyohesabiwa ilikuwamo siti mpya ya daraja la biashara ambayo wakati huo haikuwa kwenye ndege hata moja. Siti mpya za shirika hilo, Allegris, zilianza kuruka na abiria Mei 2024. Kwa muda wote ambao shirika lilishika nyota hiyo ya tano, abiria alinunua tiketi chini ya nyota iliyokuwa na sehemu yake ndani ya mchoro.

Kasoro nyingine iko kwenye namba zenyewe. Nafasi haionyeshi pengo. Chukulia wa tatu amepata alama 8.41 na wa tisa 8.36; kwenye karatasi wanaonekana wamepishana hatua sita, kwenye siti huwezi kuwatofautisha. Pengo la kweli huwa kati ya walio juu na walio mkiani kabisa. Kwa hiyo orodha inafaa kama chekecheo: inakuonyesha mashirika ya kuepuka. Kuchagua kati ya wa tatu na wa tisa kwa kutumia orodha ni kupoteza muda.

Na juu ya yote, orodha inapima shirika, wakati wewe unanunua siti moja ndani ya ndege moja. Qatar Airways ilizindua Qsuite, ile siti ya biashara yenye mlango, mwaka 2017, na ikavuna nayo sifa nyingi. Shirika hilohilo lina ndege nyingi zisizo na Qsuite, zikiwamo A320 za njia moja katikati. Emirates ina 777 zenye daraja la biashara la mbili-tatu-mbili, ambapo mtu wa katikati amebanwa na majirani pande zote, na ina 777 zilizokarabatiwa kuwa moja-mbili-moja. Bei inaweza kuwa ileile. Bango la tuzo ni lilelile.

Basi tuje kwenye kitu kinachopimika. Kipimo kinachotangazwa sana ni nafasi kati ya siti na siti, yaani umbali wa kutoka nukta moja ya siti yako hadi nukta ileile ya siti ya mbele. Daraja la kawaida la safari ndefu mara nyingi ni inchi 31 au 32, yaani sentimita 79 au 81. Kosa ni kudhani hizo zote ni za magoti yako. Ndani yake umo unene wa egemeo. Siti za zamani zenye sponji nene zinaweza kula sentimita kumi na zaidi. Siti nyembamba za kisasa zinakula karibu nusu ya hapo. Ndiyo maana inchi 30 za siti nyembamba zinaweza kukupa nafasi ya goti sawa na inchi 32 za siti ya zamani. Gharama yake utailipa kwenye makalio baada ya saa ya nne, kwa sababu sponji iliyopunguzwa mgongoni imepunguzwa na chini pia.

Jipime nyumbani. Kaa kwenye stuli, mgongo na makalio yaguse ukuta, kisha mtu apime kutoka ukutani hadi mbele ya goti. Ukipata sentimita 60, karibu siti yoyote ya inchi 31 itakutosha. Ukipita 66, anza kutafuta mlango wa dharura au siti za mbele kabisa. Hizo za mbele nazo zina mtego: kwa kuwa hakuna siti mbele yako, meza na skrini huwekwa ndani ya mkono wa siti, mkono unakuwa mnene na hauinuki, na upana unapungua. Mtu mwenye miguu mirefu anafurahi, mwenye nyonga pana anaumia. Mstari wa mwisho mara nyingi haulali, na foleni ya choo inasimama juu ya kichwa chako. Baadhi ya siti zina kasha la umeme wa skrini chini ya siti ya mbele. Linakula nafasi ya mguu mmoja, na shirika halikwambii. Kwenye Boeing 737 kuna siti ya dirisha isiyo na dirisha, mbele kidogo ya bawa, kwa sababu ukutani hapo limepita bomba la hewa.

Jambo ambalo orodha hulipita kimya na ndilo muhimu kwa mgonjwa ni hewa. Ndege nyingi za zamani, zikiwa juu kabisa, hufanya hewa ya ndani iwe kama ya kimo cha futi 8,000 hivi, chini kidogo ya kituo cha Mandara Mlima Kilimanjaro. Boeing 787 na Airbus A350 huishusha hadi karibu futi 6,000, juu kidogo ya Mbeya mjini. Unyevu nao ni afadhali, koo halikauki vile. Kwa kijana, tofauti ni kichwa kuuma kidogo au kutouma. Kwa mzee mwenye shida ya mapafu anayekwenda hospitali India, mimi ningelipa kwa hilo kabla ya kulipia nyota yoyote, nikampa siti ya ujiani ili asimame kila saa moja, maana miguu huvimba kwa kukaa. Daktari wake ndiye wa kusema kama anahitaji oksijeni. Shirika lijulishwe siku kadhaa kabla, si pale kaunta.

Namna ya kujua ndege yako ni rahisi. Kwenye tiketi au tovuti ya kununulia, karibu na namba ya safari, kuna alama fupi yenye jumla ya herufi na tarakimu tatu: 788 ni Boeing 787-8, 77W ni 777-300ER, 359 ni A350-900, 223 ni A220-300, 7M9 ni 737 MAX 9, DH4 ni Q400, ile ndogo ya mapangaboi. Chukua namba ya safari, iingize Flightradar24, tovuti inayofuatilia ndege angani, uone ni ndege gani zimetumika wiki iliyopita. Kisha fungua mchoro wa siti. Tovuti ya AeroLOPA huchora kwa vipimo halisi, madirisha yakiwamo. Soma pia maandishi madogo yanayosema safari inaendeshwa na nani. Tiketi ya Emirates inaweza kukupandisha flydubai, na hiyo ni 737 ya njia moja.

Wapenzi wa vipimo nao wasijisifu mno, kwani mchoro una udhaifu wake: ndege hubadilishwa. Shirika lenye ndege mia mbili likiharibikiwa moja, huleta pacha wake. Shirika lenye chache hubadilisha ratiba nzima. Mwaka 2022 na 2023 A220 za Air Tanzania zilisimamishwa kwa sababu ya matatizo ya injini za Pratt & Whitney, tatizo lililoyakumba na mashirika ya nchi nyingine, na abiria waliochagua siti pana walijikuta kwenye ndege tofauti au kwenye tarehe tofauti. Hapo takwimu za kufika kwa wakati zina maana kuliko inchi. Kumbuka tu kwamba katika takwimu hizo ndege iliyochelewa kwa dakika 14 inahesabiwa imewahi.

Usalama ni faili jingine kabisa. Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha yake ya marufuku Desemba 2024, na Juni 2025 ukayajumuisha mashirika yote yaliyothibitishwa Tanzania, kwa hoja zinazohusu usimamizi wa mamlaka ya anga. Huwezi kulijua hilo kwa kusoma nyota za kabini, na kinyume chake, orodha hiyo haisemi lolote kuhusu siti au chakula.

Kwa hiyo uzito wa kila kitu ubadilike na saa. Safari ya saa nane kwenda juu: aina ya ndege kwanza, mchoro wa siti pili, tuzo mwisho. Safari ya kuunganisha Addis Ababa, Nairobi au Doha yenye dakika 70 tu za kubadilisha ndege: rekodi ya kuwahi iko juu ya yote, kwa sababu siti nzuri uliyoikosa haikusaidii. Mwanza au Kilimanjaro: ratiba na uzito wa mizigo. Unguja ni dakika ishirini. Kaa dirishani kushoto, uone pwani ya Bagamoyo kwa mbali.