Asiyepata Madhara Naye Aandikwe

Chukua dawa ya saratani inayomdhuru vibaya mtu 1 kati ya 1,000. Ukiijaribu kwa wagonjwa 300, uwezekano wa kutoona hata tukio moja ni takriban asilimia 74. Ukitaka uwezekano wa asilimia 95 wa kuona angalau moja, tafuta wagonjwa wapatao 3,000. Kwa saratani adimu, idadi hiyo hupatikana hospitali nyingi zikiunganisha kumbukumbu zao katika rejista moja.

Ila rejista inayopokea walioumia peke yao ni orodha ya visa tu, na inaniuma kuona ikitumiwa kukadiria hatari. Visa 12 vya kuvimba misuli ya moyo baada ya dawa za kuamsha kinga vinamaanisha nini? Kati ya waliotibiwa 600, ni mtu 1 kwa 50. Kati ya 60,000, ni 1 kwa 5,000. Mgonjwa anayeuliza kabla ya kukubali dawa anastahili kujua ni lipi kati ya hayo.

Kwa hiyo kila anayeanza dawa aandikwe siku ya dozi ya kwanza. Tatizo hili la moyo mara nyingi hutokea ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Mgonjwa akisajiliwa mwezi wa nne, waliokufa mapema hawamo na dawa itaonekana salama kuliko ilivyo. Waliochelewa kusajiliwa wahesabiwe kuanzia siku waliyoingia, maana miezi ya nyuma wasingeweza kufa na bado wakaonekana kwenye rejista.

Fomu nayo isiishie kwenye “alipewa: ndiyo au hapana”. Kwa doxorubicin, dawa ya saratani, hatari ya moyo kushindwa kazi hupanda kadiri jumla ya dozi inavyoongezeka, hasa ikipita miligramu 400 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili. Bila jumla hiyo huwezi kulinganisha wagonjwa wawili.

Kinachoharibu kazi kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni nafasi iliyoachwa wazi. Hospitali inayopima troponini, protini ya damu inayopanda moyo ukiumia, kila ziara itaonekana kuwa na madhara mengi kuliko isiyopima kabisa. Weka majibu matatu tofauti: hakupimwa, alipimwa akawa sawa, haijulikani. Andika namba yenyewe pamoja na kikomo cha kawaida cha maabara husika, ili kisa kiweze kuhakikiwa upya vigezo vikibadilika.

Mgonjwa aliyetibiwa hospitali mbili huingia mara mbili. Kwenye visa 12, marudio mawili yanapotosha hesabu yote. Namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, isiyotaja jina lake, huzuia hilo.

Asiyerudi kliniki asihesabiwe kuwa mzima. Apigiwe simu, kumbukumbu za vifo zikaguliwe, tena kwa muda mrefu: msichana aliyepigwa mionzi ya kifua kwa limfoma ya Hodgkin, saratani ya mfumo wa limfu, anaweza kupata saratani ya matiti miaka 15 au 20 baadaye, na rejista iliyofadhiliwa kwa miaka mitano itakuwa imefungwa zamani.