Kamati ikitaka simu ya mbunge, nani aisome kwanza?

Kila likitokea sakata la maadili bungeni utawasikia watu: simu yake ichukuliwe, meseji zote zisomwe, kama hana cha kuficha anaogopa nini. Mimi nasema hapana, si meseji zote, na simtetei mheshimiwa hata kidogo, nawatetea waliomwandikia.

Hebu fikiria simu ya mbunge wa kawaida ina nini ndani. Kuna mama wa jimboni kaandika saa sita usiku kwamba binti yake kabakwa na mtu wanayemheshimu pale mtaani na anaogopa kwenda polisi, kuna kijana wa halmashauri katuma picha ya vocha ya malipo, kalvati moja limelipiwa mara mbili, chini kaandika "mheshimiwa naomba usinitaje", kuna vipimo vya hospitali vya mtu anayeomba achangiwe matibabu. Sasa kamati inachunguza labda mambo ya posho, wajumbe wanapitia yote hayo, na humo humo kuna mahasimu wake wa kisiasa na kuna maswahiba wa mkurugenzi aliyesaini ile vocha. Yule kijana kazi hana tena.

Wakinibishia huwa nawatajia kesi ya Bob Packwood, seneta wa Oregon kule Marekani. Novemba 1992 Washington Post liliandika kwamba wanawake kadhaa wanamtuhumu kuwanyanyasa kingono, kamati ya maadili ya Seneti ikaanza uchunguzi na baadaye ikajua jamaa ana shajara, yaani kumbukumbu zake za kila siku, zaidi ya kurasa 8,000, anajirekodi kwenye kanda halafu katibu wake anachapa. Mwanzo wakakubaliana afunike mambo ya mwanasheria wake, daktari na familia, mengine wasome. Wakasoma maelfu ya kurasa, wakakuta mengine yanayotia shaka, akagoma kutoa zilizobaki. Novemba 1993 Seneti ikapiga kura 94 kwa 6 kwenda mahakamani kumlazimisha, jaji akawakubalia, na Machi 1994 Jaji Mkuu Rehnquist akakataa kusimamisha ile amri.

Kinachonigusa mimi ni kwamba pamoja na ushindi wote huo, zile kurasa zilizobaki zilipitiwa kwanza na mtu wa nje ya Seneti, Kenneth Starr, aliyekuwa jaji zamani (ndiyo, huyo huyo aliyekuja kumchunguza Rais Clinton). Hapo ndipo penyewe. Ila pia kamati ilimkuta Packwood alishabadilisha baadhi ya maneno kwenye shajara zake, kwa hiyo na wale wanaosema mbunge aachiwe achague mwenyewe cha kutoa, hapana, atazifuta zinazomuumbua. Septemba 1995 wajumbe wote sita wakapendekeza afukuzwe, akajiuzulu. Wanawake wale walistahili ukweli utoke na ukatoka, na hakuna aliyehitaji kusoma habari za daktari wa mtu ili utoke.

Huku kwetu Bunge la Tanzania lina Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka, na Katiba ibara ya 16 inataja kabisa hifadhi ya mawasiliano binafsi ya mtu, Kenya nao wanayo kwenye ibara ya 31 ya Katiba ya 2010. Sawa, lakini haki ikiandikwa kwenye katiba tu bila utaratibu wa siku ile simu imewekwa mezani haimsaidii yule mama. Mimi ningetaka nakala ya simu ichukuliwe siku hiyo hiyo, ifungwe asiiguse mtu, mwenyewe na kamati wote, kisha jaji mstaafu asiye na chama aipitie peke yake na atoe tu meseji zinazohusu tuhuma iliyoandikwa, za tarehe hizo na watu hao. Na mwananchi ambaye ujumbe wake unakwenda kusomwa apigiwe simu aambiwe kabla, maana yeye hakushtakiwa na mtu.