Msimfunge mkono, mpelekeni hospitali

Ile sauti ya WhatsApp imenifikia tena, safari hii kutoka kwa jirani anayenitakia mema. Eti kifua kikikubana, jifunge mkanda wa mashine ya presha mkononi, kaza, legeza, na moyo utatulia. Imenikasirisha kwa sababu ina ukweli ndani yake, ila umekatwa kichwa na miguu.

Katika mshtuko wa moyo, mshipa unaolisha moyo huwa umeziba; ukizibuliwa, damu inayorudi nayo huumiza misuli iliyokosa hewa. Madaktari wametafuta sana tiba ya kuongezea ili kupunguza madhara hayo. Dawa ya siklosporini ilijaribiwa, ikashindwa 2015. Kufunga mkono, dakika tano kukaza na dakika tano kulegeza, mara nne, kulipimwa Uingereza, Denmark, Uhispania na Serbia kwa wagonjwa zaidi ya 5,400. Matokeo ya 2019: vifo havikupungua, wala kulazwa kwa sababu ya moyo kushindwa kazi.

Wagonjwa hao walizibuliwa mshipa kwa stenti, kijibomba cha wavu kinachouweka mshipa wazi, tena mapema. Huku kwetu wengi huchelewa, na ndiyo sababu utafiti wa RIC-AFRICA, wa kupima mkanda huo Afrika, uliandaliwa. Nauunga mkono kabisa. Lakini hata humo mkanda hufungwa juu ya matibabu, si badala yake.

Kinachoniuma mimi ni saa zinazopotea. Mtu wa Likoni, Mombasa, anabanwa kifua usiku wa manane, jasho linamtiririka, anaambiwa ni gesi, anywe tangawizi alale. Kukicha ndipo anapangishwa foleni ya feri kuvuka kisiwani. Muda wote huo misuli inakufa, na misuli ya moyo ikifa haioti tena. Na dawa zipo! Utafiti wa ISIS-2 wa 1988, wagonjwa 17,187, ulionyesha kwamba aspirini na streptokinasi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, zikitolewa pamoja hupunguza vifo kwa asilimia 42 ndani ya wiki tano. Stenti ni bora zaidi, sibishi. Ila mimi nataka kwanza kila hospitali ya kaunti ndogo iwe na dawa kama hiyo ya kuyeyusha damu, mashine ya kupima umeme wa moyo, na mtu wa kuisoma saa tisa usiku.

Wewe unayeisambaza ile sauti, tafadhali ifute. Uliza ni hospitali gani upande wenu hupima moyo usiku, kisha sambaza jina lake.