Hela ya rangi isubiri, ukuta ukauke kwanza

Kila mvua kubwa ikishuka Mwanza, sisi tulio nje tunapokea picha za aina mbili. Za kwanza ni za tope: sebule imejaa maji, makochi yamepandishwa juu ya meza, watoto wamekusanyika kitandani. Za pili zinakuja wiki mbili hivi baadaye. Ukuta una rangi mpya, pazia jipya, na chini yake ujumbe: "Tunashukuru sana, hela imefanya kazi." Mimi hizo za pili ndizo zinazoninyima usingizi. Ukuta ulioshiba maji haukauki kwa wiki mbili, na rangi inayopakwa juu yake inayafungia maji humo ndani, kisha watu wanalala humo.

Naishi Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Nyumba ya Mama iko Mabatini, upande wa bondeni, jirani kabisa na Mto Mirongo. Anayeijua Mwanza anajua habari yake. Vilima vyetu ni mawe, na jiwe halinywi maji. Mvua ikipiga huko juu haizami ardhini, inateremka moja kwa moja, na kadiri mabati na saruji zinavyoongezeka milimani ndivyo inavyoteremka kwa kasi zaidi. Yote inaishia Mirongo, kamto kembamba kanakokatiza mjini kwenda ziwani huku kamebanwa na kuta, madaraja na chupa za plastiki. Maji yanapanda ndani ya saa chache, yanashuka ndani ya saa chache. Ndiyo maana watu wanaamini yameondoka.

Hayajaondoka. Tofali la saruji limejaa vitundu visivyoonekana, na maji hupanda ndani yake kama mafuta ya taa kwenye utambi. Alama ya tope inaweza kuishia magotini, lakini unyevu umeshafika kiunoni. Sasa angalia tunavyopaka nyumba zetu: nusu ya chini ya ukuta tunaipaka rangi ya mafuta, ili ifutike watoto wakiichafua. Ni sehemu ile ile iliyokunywa maji. Rangi ya mafuta haipitishi hewa, kwa hiyo maji yanatafuta njia nyingine. Baada ya muda rangi inavimba malengelenge, lipu inatoa unga mweupe wa chumvi, nyuma ya kabati panaota madoa meusi, na tunasema fundi alikuwa mbovu au saruji ilikuwa feki.

Huku nilipo niliona kazi hii ikifanywa kwa namna nyingine. Wakati wa baridi kali bomba la bafuni juu liliganda, likapasuka, na dari ya jipsamu ikaanguka yote jikoni. Mtu aliyetumwa na bima hakuja na ndoo wala brashi. Alikuja na kifaa kidogo chenye pini mbili, akawa anakichomeka ukutani hatua kwa hatua, anasoma namba, anaiandika kwenye kipande cha utepe na kukibandika pale pale alipopima. Akaondoa jipsamu yote iliyolowa, hata ile iliyoonekana nzima. Kisha zikaletwa mashine za kunyonya unyevu, zikanguruma mchana na usiku kwa wiki kadhaa, na kila asubuhi tulimwaga ndoo ya maji yaliyotolewa hewani. Alirudi, akapima tena, namba bado ziko juu, akaondoka. Lipu hakuigusa mpaka ukuta ulioloa ulingane na ukuta wa chumba ambacho hakikupata maji. Rangi ilikuja mwisho kabisa, na wala hakupaka yeye.

Hapo ndipo nilipoona tofauti yetu ilipo. Huku kukausha ni kazi inayojitegemea: ina fundi wake, vipimo vyake na malipo yake. Kwetu fundi analipwa kwa kile kinachoonekana. Akikuambia "tusubiri miezi miwili" hapati kitu, na wewe uliyetuma hela unaona umetapeliwa. Simlaumu fundi. Nawalaumu wanaolipa, na wengi wa wanaolipa ni sisi wa nje tunaodai picha.

Sisemi huku ni peponi. Mji wa Rochdale hauko mbali na hapa. Desemba 2020 alifariki pale mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, ambaye wazazi wake walitoka Sudan. Mwaka 2022 uchunguzi wa mahakama ulithibitisha kwamba kilichomuua ni maradhi ya upumuaji yaliyosababishwa na ukungu wa nyumba waliyopangishwa. Baba yake alikuwa amelalamika tangu 2017, akaambiwa aupake ukungu rangi juu. Ilibidi mtoto afe ndipo ije sheria yenye jina lake, iliyoanza kutumika Oktoba 2025, inayowabana wenye nyumba za kijamii, yaani za kupangisha kwa kodi nafuu, washughulikie unyevu na ukungu kwa muda uliopangwa. Kila nikikumbuka kauli ile ya "paka rangi juu" naiona nyumba ya Mabatini. Mwenye mtoto mwenye pumu anaelewa ninachosema.

Na kuna jambo ambalo huku hawatuwezi. Jikoni kwangu kulipoanguka dari, hakuna jirani aliyegonga mlango. Nilikuwa na namba ya madai ya bima na simu yenye muziki wa kusubirisha. Mabatini maji yakishuka, kabla hujapata hata la kusema, vijana wa mtaa wako mlangoni na makoleo, kina mama na ndoo na mafagio, mwingine ameshabeba watoto wako kwake wakanywe uji. Tope linatoka siku hiyo hiyo. Msaada huo huwezi kuununua popote. Ila unaishia kwenye tope. Baada ya hapo ukuta unaachiwa mwenye nyumba peke yake.

Bima ya nyumba kwetu bado ni habari ya wachache. Wengi tunaijua ya gari kwa sababu sheria inatulazimisha. Hata huku, nyumba za mabondeni zilikuwa zinakataliwa au kutozwa bei isiyolipika, mpaka mwaka 2016 ulipoanza mpango wa Flood Re, ambao kampuni zote za bima ya nyumba zinauchangia. Miezi michache kabla yake, Desemba 26, 2015, Mto Aire ulikuwa umeingia Leeds kwenyewe. Sitarajii mpango wa namna hiyo ufike Mirongo kesho. Lakini michango tunayo tayari, iko kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Tatizo langu ni inanunua nini.

Tunacho kitu ambacho Leeds inakilipia bili ya umeme: jua na upepo. Nyumba ya tofali na saruji, madirisha wazi pande mbili, upepo wa ziwa unaovuma mchana, inakauka bila mashine yoyote kama itaachwa ikauke. Mvua zilizopita, nilimpigia Mama fundi akiwa ameshaletwa.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba baba. Fundi anasema kesho anapiga rangi, watoto wasilale kwenye uchafu."

"Mama, mpe simu fundi."

Nilimwomba afanye jambo moja tu. Achukue kipande cha nailoni safi, upana wa daftari, akibandike ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne pasiingie hewa, akiache mpaka kesho. Asubuhi alinitumia picha mwenyewe. Nailoni ilikuwa imejaa matone kwa ndani. Hatukubishana tena. Akabandua rangi ya mafuta yote ya chini, akagonga lipu kwa kifundo cha kidole na kung'oa kila iliyolia tupu, akasogeza kabati mbali na ukuta.

Maji ya mafuriko ya mjini kwetu yamepita kwenye vyoo vya shimo, hayo si maji ya bomba. Kwa hiyo godoro la sponji lililolowa litupwe, hata kama linauma, na kapeti pia. Kabati la MDF, yaani la unga wa mbao ulioshindiliwa, likishavimba halirudi. La mninga linaoshwa, linaanikwa kivulini, linaendelea na maisha. Kuta na sakafu zioshwe kwa sabuni kwanza, kisha dawa ya klorini, ambayo isichanganywe kamwe na dawa nyingine ya choo, maana hutoa hewa ya sumu. Na kabla ya yote hayo, umeme uzimwe kwenye swichi kuu, usiwashwe mpaka fundi umeme akague soketi zilizofikiwa na maji.

Walio mwaloni, kando ya ziwa, wana shida ya aina nyingine, na ushauri huu hauwatoshi. Ziwa likipanda halishuki kwa saa chache. Mei 2020 kipimo cha Jinja, pale Nile inapotokea, kilifika mita 13.42, juu kidogo ya rekodi ya 1964, na mwaka 2024 nayo ikapitwa. Maji mengi ya Ziwa Victoria huingia kwa mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mto unaoyatoa ni huo mmoja tu. Ukuta ulio ufukweni wakati kama huo unanywa kutoka chini kila siku, hata jua liwake vipi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Watu wengi wanaiona kama njia ya kuwafukuza maskini, na yapo mazingira ambapo malalamiko yao ni ya haki. Lakini kuhusu maji, mita hizo zina maana.

Kwa Mabatini, kinachohitajika ni muda, na muda una gharama. Mama na wajukuu hawawezi kukaa kwenye kuta zilizobanduliwa wakisubiri. Ndiyo maana safari hii nilituma kodi ya chumba Nyakato, magodoro, na posho ya kijana wa kufungua madirisha asubuhi na kuyafunga jioni. Baba mdogo akauliza kwenye kundi, mbele ya ukoo mzima, hela imenunua nini wakati ukuta bado ni wa kijivu. Nilimjibu: shikamoo baba, imenunua miezi ya ukuta kukauka, na nailoni ikitoka kavu nitatuma ya rangi.